Sharti Likibadilika na Safu Zimekwisha Simama

Kila sifa njema ni ya Mwenyiezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake na jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo: liko suala linalozungumzwa barazani na milangoni mwa misikiti ya Kibaha na Kisarawe kila uchaguzi unapokaribia. Je, ni haki kwa wenye amri kubadili sharti za kuandikisha wapiga kura hali ya kuwa siku ya kura iko karibu? Baadhi ya watu hujibu upesi ya kuwa si haki kabisa, kwani kila badiliko ni hila. Na wengine hujibu upesi vile vile ya kuwa mwenye amri hubadili apendavyo, na kazi ya raia ni kufuata. Majawabu haya mawili yote yana upungufu, na maneno yafuatayo ni ya kuubainisha upungufu huo.

Kwanza na ijulikane daftari ni kitu gani. Kura ni ushahidi. Mtu husema, fulani namwona astahili kupewa amana hii. Na daftari ndilo linaloamua ni nani atakayesikilizwa ushahidi wake. Kadhi akiwazuia mashahidi mlangoni kabla hawajafungua vinywa, hukumu yake imekwisha kupinda, ijapokuwa waliobaki ndani wote wasema kweli. Kwa hiyo mwenye kuandika daftari amebeba mzigo mzito kuliko mwenye kuhesabu kura. Kwa maana kura iliyohesabiwa vibaya yaweza kuhesabiwa tena, lakini aliyeachwa nje ya daftari hana kura ya kuhesabiwa.

Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alipoiweka Diwani, yapata mwaka wa 20 wa Hijra, ili yaandikwe majina ya watu wapate haki zao katika mali ya Waislamu, alishauriwa aanze na nafsi yake, kwa kuwa yeye ndiye Khalifa. Akakataa. Akaanza na jamaa za Mtume (S.A.W.), na kabila lake mwenyewe, Bani Adi, akaliweka pale palipolistahili. Katika jambo hili mna funzo kubwa kwa kila mwenye kushika kalamu ya daftari la watu: kalamu ile si yake, na orodha ile si ya kumnufaisha yeye wala jamaa zake.

Ama kusema kwamba kila badiliko ni hila, maneno hayo hayasimami. Imamu Shafi'i (R.A.) mwenyewe alikuwa na kauli yake ya kwanza alipokuwa Iraki, kisha akawa na kauli mpya alipokwisha kuhamia Misri, alikofia mwaka wa 204 wa Hijra, na hapana mwanafunzi wa madhehebu yake anayemtuhumu kwa hilo. Alibadili kwa sababu dalili zilimdhihirikia, wala hakubadili ili ampendeze mtu au amdhuru mtu. Badiliko lenye sababu ya haki ni katika elimu. La kuulizwa ni sababu yake, na wakati wake, na ni nani anayeumia kwalo.

Na nchi hii imeona mabadiliko ya namna zote mbili. Katika uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika, uliofanywa mwaka 1958 na 1959, mpiga kura alitakiwa awe na pato, au elimu, au cheo maalumu; na pato lenyewe lilikuwa pauni 150 kwa mwaka. Mkulima wa mihogo na korosho katika nchi ya Wazaramo alikuwa yuko nje ya mlango kabla hajatajwa mgombea hata mmoja. Na yule aliyeruhusiwa kuingia alishurutishwa kuchagua watu watatu pamoja, Mwafrika na Mwasia na Mzungu. Hapo sharti lilikwisha kufanya kazi yake kabla ya sanduku la kura kufika.

Baada ya uhuru mlango ulifunguliwa, na sharti zikaendelea kugeuka. Kwa miaka mingi watu waliandikishwa upya kila uchaguzi. Mwaka 2004 likaanza kuandikwa Daftari la Kudumu, na kwa uchaguzi wa 2015 zikaja mashine za kuchukua picha na alama za vidole. Mwaka 2024 zikatungwa sheria mbili mpya, moja ya uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani, na moja ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Na katika uandikishaji uliofuata mtu aliweza kuanza kujaza habari zake kwa simu au kwa kompyuta, kisha akaenda kituoni kukamilisha. Katika hayo yako yenye manufaa yaliyo dhahiri. Alama ya kidole husaidia kumgundua mtu aliyejiandikisha mara mbili. Na shahidi mmoja kuhesabiwa kuwa wawili hapana dini wala serikali inayokubali.

Basi mizani ni nini, ya kupambanua badiliko la haki na badiliko la dhulma? Mizani iko katika kisa ambacho kila mtoto wa chuoni amekisikia. Kibla kilipogeuzwa kutoka Baitul Maqdis kwenda Al-Kaaba, watu wa Kuba walikuwa wamesimama katika sala ya alfajiri, wameelekea kibla cha kwanza. Akawajia mtu, akawapa khabari. Wakageuka papo hapo, safu nzima, wakamaliza sala yao. Hawakuamriwa kuanza upya, wala rakaa waliyoisali kabla ya khabari kuwafikia haikuhesabiwa kuwa ni batili.

Katika kisa hiki mna mambo matatu. La kwanza, khabari ilipelekwa kwa watu pale walipo. Hawakuachwa waitafute wenyewe. La pili, walipata nafasi ya kugeuka. La tatu, walichokifanya sawasawa kwa amri ya kwanza hakikufutwa kwa amri ya pili. Mwenye kubadili sharti na kuyatimiza haya matatu, hana lawama, hata kama wakati ni mfupi. Na mwenye kubadili sharti akaliacha moja katika haya, basi lawama ni juu yake na si juu ya raia, hata kama sharti lenyewe ni jema.

Mifano ya hayo si ya mbali. Mwaka 2015 kura ya maoni juu ya Katiba Inayopendekezwa ilikuwa imewekewa tarehe 30 Aprili. Mashine mpya zilichelewa, na uandikishaji haukuwa umekamilika. Tume ikatangaza kuiahirisha kura ile. Wengi walinung'unika, lakini kwa mizani ya nafasi ilikuwa ni haki: safu haijageuka yote, imamu asubiri. Na katika uandikishaji wa 2024 na 2025, Tume ilisema ya kuwa aliye na kadi yake ya 2015 au ya 2020, na hakuhama wala hakuharibikiwa na kadi, hana haja ya kuandikwa upya. Hapo rakaa ya kwanza ilihesabiwa.

Na kinyume chake kilionekana Unguja na Pemba mwaka 2009, pale ilipokuwa mtu haandikwi katika daftari la wapiga kura wa Zanzibar ila awe na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Kitambulisho si kitu kiovu. Lakini walikuwako watu waliosema kwamba wamekitafuta kitambulisho hicho na hawakukipata, na mlango wa daftari ukawa umefungwa mbele yao kwa kufuli ambalo ufunguo wake uko katika mkono wa ofisi nyingine. Watu wakagoma, na uandikishaji Pemba ukasimamishwa kwa muda. Na hili ni jambo la kuzingatiwa: sharti ambalo raia hawezi kulitimiza kwa juhudi yake mwenyewe huwa ni kizuizi, lijapoitwa sharti. Kumtaka mtu atie udhu na kisha kumfungia kisima ni kumzuilia sala.

Sasa na tuitazame Kibaha na Kisarawe kwa mizani hiyo hiyo. Kuanzia tarehe 11 mpaka 20 Oktoba 2024, wakazi waliandikwa kwa ajili ya uchaguzi wa vijiji, vitongoji na mitaa, uliofanywa tarehe 27 Novemba mwaka huo. Kazi hiyo ilisimamiwa na Ofisi ya Rais, TAMISEMI, na nchi nzima waliandikwa watu 31,282,331. Kisha, kuanzia tarehe 13 mpaka 19 Februari 2025, Mkoa wa Pwani pamoja na Tanga ukafikiwa na uboreshaji wa Daftari la Kudumu, na kazi hii ikawa chini ya Tume Huru. Madaftari mawili, mabwana wawili, katika muda wa miezi minne. Na la kwanza halimwandiki mtu katika la pili.

Mwenye kusoma magazeti alilijua hilo, kwani lilitangazwa. Lakini na afikiriwe mzee wa Mafizi au Vikumburu, katika pande za ndani za Kisarawe. Mwezi wa Oktoba alikwenda, akataja jina lake, likaandikwa mbele ya macho yake. Februari akisikia kwamba kuna uandikishaji, atasema moyoni, mimi nimekwisha kuandikwa. Mtu huyu hakupuuza wala hakuasi. Alitimiza alichoambiwa, na kosa lake ni kudhani kwamba serikali moja ina daftari moja. Je, khabari ilimfikia? Kutangazwa kwa khabari si kufika kwa khabari. Gari la kipaza sauti likipita katika njia kuu ya Kibaha limetangaza. Limefika pale tu mtu aliyeko shambani alipoelewa nini anatakiwa kufanya, na wapi, na kwa nini lile la kwanza halikutosha.

Na afikiriwe vile vile kijana anayekaa Mlandizi au Maili Moja na kufanya kazi Kariakoo. Hutoka nyumbani kwake kabla ya alfajiri kuwahi gari katika njia ya Morogoro, na hurudi baada ya isha. Vituo vilifunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Katika siku zile saba, siku zake ni Jumamosi na Jumapili, nazo kama ni mchuuzi si zake. Siku saba ni nyingi kwa mwenye kuajiriwa ofisini karibu na kituo, na ni chache kwa anayekula leo alichokichuma leo. Wenye kupanga muda hupima kwa kalenda. Na haki ilikuwa kupima kwa mguu wa aliye mbali na kwa mfuko wa aliye maskini, kwa sababu wenye uwezo hufika hata muda ukiwa mfupi.

Haya ndiyo yaliyo juu ya wenye amri. Lakini mizani ina vitanga viwili, na si uadilifu kuelemea kimoja. Daftari laweza kudhulumiwa na raia pia, na hasa katika miji iliyo jirani na Dar es Salaam kama hii. Kibaha ni kama kilomita 40 tu kutoka Dar es Salaam. Watu hununua viwanja huko, hujenga kidogo kidogo, hulala siku mbili huku na siku tano kule. Na Kisarawe, ukiishuka milima ya Pugu, umo Dar es Salaam. Mtu kama huyu, mkazi wa wapi?

Wanazuoni wa Kishafi'i walilitatua jambo linalofanana na hili zamani katika mlango wa sala ya Ijumaa. Sala hiyo kwao haisihi ila kwa watu arubaini, na hao arubaini sharti wawe wenyeji wa mahali pale, wasiohama masika wala kiangazi ila kwa haja. Mpita njia husali pamoja nao, lakini hahesabiwi katika arubaini. Na mwenye nyumba mbili katika miji miwili wakamwekea kanuni: hutazamwa ni wapi anapokaa zaidi, ikiwa ni sawa, hutazamwa ziliko ahli yake na mali yake. Hawakusema achague anapopendezwa, wala alikoahidiwa kitu. Waliuliza ukweli wa maisha yake.

Basi na afikiri mtu anayepakiwa katika gari na mpambe wa mgombea, akashushwa katika kitongoji asichokijua hata jina la mwenyekiti wake, akasema mbele ya mwandikishaji, mimi ni mkazi wa hapa. Huyo ameongopa katika ushahidi wake kabla hajapewa karatasi ya kura. Na amewadhulumu watu wa kitongoji kile, kwa kuwa wao ndio watakaokunywa maji ya kisima kitakachochimbwa au kisichimbwe, na wao ndio watakaopita katika barabara, na yeye jioni amerudi kwake. Na anayejiandikisha mara mbili ana hukumu ya serikali ya faini au kifungo. Lakini hata asipokamatwa, hesabu yake haijafutika.

Na liko jambo jingine ambalo wanaume wa pwani hawana budi kukumbushwa. Mwanamume aliyekwenda kuandikwa asubuhi na mapema, kisha mkewe akakosa nafasi kwa sababu hakuachiwa mtu wa kuwaangalia watoto, au mama yake mzee akakosa wa kumpeleka kituoni, huyo amelalamikia siku saba za serikali na hakutazama siku saba za nyumba yake. Jina la mke na jina la mama ni haki zao, na haki ya mtu iliyo karibu na mkono wako ni amana.

Hapa hutokea mwenye kupinga, na hoja yake haifai kupuuzwa. Husema: Kuna faida gani kuhangaikia daftari? Daftari la 2020 lilikuwa na watu 29,754,699, na la 2025 likapindukia milioni 37; vitabu vilijaa majina. Lakini Aprili 2025 CHADEMA, chama kikuu cha upinzani, kilitolewa katika uchaguzi kwa kutotia saini kanuni za maadili. Siku ya kura yenyewe, tarehe 29 Oktoba 2025, na siku zilizofuata, palikuwa na ghasia na vifo, na Dar es Salaam ikawekwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku. Na waangalizi wa Umoja wa Afrika wakasema uchaguzi ule haukufuata misingi ya Umoja huo. Basi jina katika daftari lina thamani gani?

Jawabu yake ni kwamba mpingaji huyu amesema kweli katika jambo moja, na ameteleza katika jingine. Kweli yake ni kuwa daftari zuri peke yake haliufanyi uchaguzi kuwa wa haki, kama vile udhu mzuri haumfanyi mtu kuwa amesali. Na aliyetosheka kuhesabu majina, akaacha kuuliza ni nani aliyeruhusiwa kugombea na ni vipi kura zilihesabiwa, ameshika nusu akadhani ni nzima. Lakini ameteleza aliposema kwamba kwa hiyo jina halina thamani. Kuandikwa si kupiga kura. Aliyeandikwa ana khiyari siku ile, aende au akae, kwa kadiri dhamiri yake itakavyomwongoza. Asiyeandikwa hana khiyari yoyote. Naye akinyamaza, hapana ajuaye kama alinyamaza kwa kukataa au kwa kutokuwako. Shahidi aliyejitoa mwenyewe katika orodha ya mashahidi kwa kumchoka kadhi, hakumdhuru kadhi. Amemdhuru aliyedhulumiwa, ambaye huenda kesho akauhitaji ushahidi wake.

Zaidi ya hayo, madaftari huibiwa kwa urahisi pale yasipoangaliwa na wenyewe. Mwezi wa Mei 2025 daftari la awali lilibandikwa vituoni katika Mkoa wa Pwani ili watu wayatazame majina, waseme, huyu amekufa, huyu hakai hapa, huyu ameandikwa umri usio wake. Kazi hiyo haihitaji chama wala fedha. Inamhitaji mtu anayewajua jirani zake. Kijiji ambacho hata mtu mmoja hakwenda kulisoma daftari lake, kesho kikisema lilikuwa na majina ya maiti, kitaulizwa: na nyinyi mlikuwa wapi?

Kwa hiyo hukumu ya suala ni hii. Mwenye amri anaruhusiwa kubadili sharti za kuandikisha, lakini badiliko lolote asilolifikisha kwa watu, au asilolipa nafasi, au linalofuta haki iliyokwisha thibiti, ni dhulma, na ukaribu wa uchaguzi huizidisha dhulma hiyo, kwa kuwa hakuna wakati uliobaki wa kuirekebisha. Sharti jipya lina haki ya kuja mapema, mwaka wa kwanza baada ya uchaguzi na si mwaka wa mwisho kabla yake, wakati ambapo hapana ajuaye litamfaa nani. Wenye amri wakitaka kuondoa tuhuma, hiyo ndiyo njia iliyo nyepesi. Na kama kuna haja ya madaftari mawili, basi lile la vitongoji na lile la Tume na yapatanishwe kabla ya 2029 na 2030, ili mzee wa Mafizi asiadhibiwe kwa kudhani kuwa jina lake likiandikwa limeandikwa.

Na raia, khabari ikimfikia, ageuke upesi kama walivyogeuka watu wa Kuba, aandikwe pale anapokaa kweli, mara moja, kwa jina lake na umri wake, ampeleke mamaye, amkumbushe kijana wake anayetimiza miaka 18, na daftari likibandikwa, aende akalisome kwa macho yake, asingoje kusomewa.

Wa billahi tawfiq.